Jeshi limepata wapi namba ya mwanangu?

Shangazi, Bwana asifiwe.

Ninakuandikia kutoka Lexington, Kentucky. Mimi ni mama wa watoto watano, mzaliwa wa Fizi, Kivu Kusini. Nilikaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi, na wanangu wote walizaliwa humo, kabla hatujaletwa Marekani mwaka 2019. Baba yao alifia kambini. Mwanangu wa kwanza ana miaka 17, yuko darasa la 12, na mwezi wa tatu atatimiza 18.

Tangu shule zilipofunguliwa kuna mtu wa jeshi anampigia simu na kumtumia meseji. Mwanzoni nilidhani mtoto mwenyewe ndiye aliyempa namba. Lakini siku moja niliichukua simu nikaitazama meseji. Jina la ukoo wetu pale shuleni waliliandika vibaya siku ya kwanza, herufi moja si yake, na mpaka leo hawajairekebisha. Meseji ya yule mwanajeshi ina kosa lilelile. Hapo nikajua jina limetoka shuleni.

Baadaye wakaja nyumbani, wawili, wamevaa magwanda. Wana adabu, siwezi kusema uongo. Walivua kofia, wakakaa kwenye kochi, wakanywa chai. Mwanangu ndiye aliyekuwa anatafsiri. Yule mkubwa akasema maneno mengi, mwanangu akaniambia, "Anasema watanilipia chuo." Akasema tena mengi zaidi, mwanangu akaniambia, "Anasema usiwe na wasiwasi." Kisha wakatoa fomu, wakanionyesha mahali pa mzazi kuweka saini. Nikawaambia niombe kwanza. Fomu iko juu ya friji mpaka leo.

Shangazi, mwaka 1998 watu wenye bunduki walipita kijijini kwetu nyumba kwa nyumba. Kaka yangu alikuwa na miaka 15. Walimchukua, hakurudi. Nikiona magwanda kwenye mlango wangu mikono inatetemeka, hata kama wanacheka.

Kanisani mmoja ananiambia serikali ilitupa karatasi, kwa hiyo ni lazima na sisi tutoe mtoto. Mwingine anasema nikikataa nitanyimwa uraia, na mimi nimeshatuma maombi, nangoja kuitwa kwenye mahojiano. Juzi imekuja barua nyingine yenye jina la mwanangu, inasema akifika 18 ajiandikishe. Mwanangu naye ananibembeleza: "Mama, ukisaini, mimi nitasoma bure na wewe utapata uraia haraka."

Je, shule ina haki ya kuwapa wanajeshi namba ya mtoto wangu? Naweza kukataa bila kupata matatizo? Na hiyo fomu, nisaini?

Mama wa watano, Lexington

SHANGAZI ANAJIBU

Amen, dada yangu, na pole sana kwa kaka yako.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Hakuna mtu Marekani anayeweza kuja leo kumchukua mwanao kwa nguvu. Kuita vijana jeshini kwa lazima kulisimamishwa mwaka 1973, na tangu hapo kila anayeingia ameingia kwa saini yake. Kwa kijana wa miaka 17 saini yake peke yake haitoshi, lazima iwepo na ya mzazi. Ya kwako ikikosekana, hawaendi naye popote. Wale mabwana wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana wakaja kunywa chai yako.

Jina na namba ni kweli vilitoka shuleni, na ile herufi iliyokosewa inakupa sababu nzuri ya kuamini hivyo. Inauma kusikia, lakini shule haikuvunja sheria. Mwaka 2002 Rais Bush alitia saini sheria kubwa ya elimu, na ndani yake kuna kifungu kinachosema kwamba shule ya sekondari inayopokea fedha za elimu za serikali kuu, mwandikishaji wa jeshi akiomba, impe jina, anwani na namba ya simu ya kila mwanafunzi. Vyuo vikuu navyo vina haki hiyohiyo ya kuomba. Sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2015, kifungu kikabaki. Shule inayogoma inaweza kupoteza fedha, na hakuna mkuu wa shule anayetaka kufika huko.

Kifungu hichohicho, dada yangu, kinakupa wewe mzazi haki ya kuandika barua kuizuia shule isitoe habari za mtoto wako bila idhini yako ya maandishi. Shule inatakiwa iwajulishe wazazi kwamba haki hiyo ipo. Na hapa ndipo moyo wangu unapochemka, kwa sababu najua jinsi wanavyotujulisha. Ni ile bahasha nene ya mwanzo wa mwaka. Ndani kuna fomu ya chakula, fomu ya basi, fomu ya picha, fomu ya kompyuta, kitabu cha kanuni za shule, na katikati ya hayo yote aya moja ya Kiingereza yenye maandishi madogo. Mtoto anasema, "Mama, weka saini hapa, na hapa, na hapa," nawe unaweka, kwa sababu kesho saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa kazini. Mzazi akinyamaza, shule inahesabu amekubali. Sioni haki ya kumhesabia mtu kimya chake kwa lugha asiyoisoma, na nitalisema hilo kila nitakapopewa nafasi.

Kwa hiyo kwanza nenda shuleni. Usipige simu, nenda mwenyewe, na ukifika uombe mkalimani wa shule. Usiseme utakuja na mwanao akutafsirie. Shule zinazopokea fedha za serikali kuu zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964, na kwa msingi wa sheria hiyo zinatakiwa zizungumze na mzazi kwa lugha anayoielewa katika mambo muhimu ya mtoto. Lexington imejaa Wakongo wanaozungumza Kiswahili, hawatashangaa kuombwa. Waambie unataka fomu ya kuzuia habari za mwanafunzi zisipewe jeshi. Wasipokuwa na fomu, karatasi ya kawaida inatosha: tarehe, jina la mtoto, darasa lake, sentensi moja kwamba hukubali jina, anwani na simu yake vitolewe kwa waandikishaji wa jeshi bila idhini yako ya maandishi, kisha saini. Wakugongee muhuri wa kupokea, uondoke na nakala. Uliza pia kama inatakiwa kuandikwa upya kila mwaka, maana shule nyingi zinataka hivyo.

Jihadhari na jambo moja. Baadhi ya shule zina fomu nyingine pana zaidi, ya kuzuia habari zote za mtoto zisitoke kwa mtu yeyote. Ukisaini hiyo bila kuuliza, unaweza kukuta jina la mwanao halimo katika kitabu cha picha cha mwaka, wala katika orodha ya wahitimu siku ya mahafali. Vilevile hutaki kufunga mlango wa vyuo vikuu, kwa sababu barua zao mwanao anazihitaji. Sema wazi: jeshi peke yake.

Lakini barua hiyo haitairudisha namba iliyokwisha kutoka. Kwa hao walio nayo, mpigie yule mwandikishaji au mwandikie meseji kwamba usingependa aendelee kuwasiliana na mtoto wako au kuja nyumbani. Si polisi na hana hati ya mahakama, kwa hiyo mlango wako unaweza kuufunga kwa heshima. Na shule si njia yao pekee. Wana meza yao kwenye bwalo la chakula, na juu yake chupa za maji, fulana na kalamu. Mtoto akitaka chupa anajaza kadi kwanza: jina, simu, tarehe ya kuzaliwa. Wizara ya Ulinzi nayo ina hifadhi yake ya majina ya vijana kuanzia miaka 16, inayoitwa JAMRS. Wanafunzi wa New York waliishtaki wizara kwa ajili ya hifadhi hiyo, na mwaka 2007 ikakubali kupunguza inayoyakusanya na muda wa kuyatunza. Huko pia unaweza kuandika kuomba jina la mwanao lisitumike.

Tena upo mtihani unaoitwa ASVAB, ambao shule nyingi huwapa wanafunzi bure kama mtihani wa kutafuta kazi inayowafaa. Umetengenezwa na jeshi, na alama zake hutumika kuingilia jeshini. Shule ndiyo inayochagua kama matokeo yataenda kwa waandikishaji au hayataenda. Maryland ilipitisha sheria mwaka 2010 kwamba yasiende kwao moja kwa moja. Wewe usingoje sheria, muulize mshauri wa wanafunzi kama mwanao amefanya mtihani huo na matokeo yalikwenda wapi.

Sasa hiyo barua ya kujiandikisha. Hapa nakuomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona akina mama wakiitupa jalalani kwa hofu na baadaye watoto wao wakahangaika. Hiyo imetoka katika ofisi nyingine iitwayo Selective Service, na kujiandikisha huko si kuingia jeshini. Ni daftari la karibu wanaume wote wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi nchi hii, wazaliwa, wenye grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu) na wakimbizi, ambalo serikali ingelitumia kama siku moja Bunge lingerudisha uandikishaji wa lazima. Mwanao anatakiwa awemo ndani ya siku 30 za kutimiza miaka 18. Hili halina uhiari. Asipokuwemo, siku atakayoomba uraia yeye mwenyewe ataulizwa kwa nini. Mwandikishaji mkwepe, daftari hili usilikwepe.

Uraia wako wewe. Kukataa kusaini fomu ya jeshi hakuuhusu hata kidogo. Aliyekuambia utanyimwa amekosea, na anayesema mnadaiwa mtoto kwa sababu mlipewa karatasi amekosea zaidi. Mlipokelewa kama wakimbizi kwa sababu mlikimbia vita, na hakuna mahali kwenye karatasi zenu palipoandikwa kwamba mtalipa kwa mtoto. Kwenye fomu ya uraia utakuta swali kama uko tayari kubeba silaha kwa ajili ya Marekani sheria ikiagiza. Hilo linakuuliza wewe, ni sehemu ya kiapo, na mtu ambaye imani yake inamkataza anaruhusiwa kueleza hivyo. Halina uhusiano na fomu iliyo juu ya friji.

Na mwanao amekosea anaposema uraia wako utakuja haraka akiingia jeshini. Anayefungua njia ya mkato kwa utumishi wake ni yeye mwenyewe, wewe maombi yako yanabaki kwenye foleni ileile. Kitu ambacho labda hakuna aliyewaambia ni hiki: ukiapishwa wewe kabla hajatimiza 18, naye akiwa anaishi nawe na ana grinikadi yake, anakuwa raia siku hiyohiyo kwa sheria, bila kuvaa gwanda lolote. Mwezi wa tatu hauko mbali, na sikuahidi kwamba mahojiano yatawahi. Lakini wiki hii waone wanasheria wa wahamiaji, au shirika lililowapokea, uwaulize maombi yako yamefika wapi na umri wa mtoto unabadilisha nini.

Nirudi kwenye kochi lako, kwa sababu picha ile haijanitoka. Mtu mzima anazungumza dakika tano, mtoto anakuletea maneno matatu. Simlaumu mwanao. Ana miaka 17, anataka kwenda, na ukamweka akutafsirie mazungumzo ambayo yeye ndiye anayeyataka yafanikiwe. Hata mzee wa miaka 50 angeyapunguza yale yanayotisha. Wala usiseme umewasikia wale watu, bado hujawasikia. Wakitaka kurudi, au wewe ukitaka warudi, siku hiyo akae mkalimani mtu mzima asiye wa familia, na kila wanaloahidi uulize limeandikwa ukurasa gani wa mkataba. Mkataba wenyewe unasema kwamba mambo yasiyoandikwa humo hayamo, hata mwandikishaji awe ameyasema kwa tabasamu gani.

Uliza haya. Ni miaka mingapi? Watakuambia mitatu au minne, na ni kweli kwa kazi ya kila siku, lakini mkataba wa kwanza hufunga miaka 8 kwa jumla, inayobaki akiwa askari wa akiba anayeweza kuitwa. Atafanya kazi gani? Kama ahadi ni ufundi wa kompyuta, iandikwe, na ujue kwamba kazi nyingi zinazohitaji kibali cha siri hapewi asiye raia. Chuo kitalipwaje? Fedha za chuo zipo kweli na zimesomesha wengi, hilo sitalificha. Kuna miezi 36 ya masomo kwa aliyekwisha kutumikia muda kamili, maana yake ada ya chuo kamili inakuja baada ya utumishi.

Mwanao anadhani jeshi ndiyo njia pekee ya mtoto wa mama mjane kusoma. Sijui ni nani aliyemwacha aamini hivyo mpaka darasa la 12. Mwenye grinikadi anaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali wa kulipia chuo, na familia yenye kipato kidogo inaweza kupata ruzuku ya Pell ambayo hairudishwi. Kentucky kwenyewe kuna fedha za KEES, zinazotoka kwenye bahati nasibu ya jimbo, ambazo mwanafunzi huzikusanya kwa alama zake za sekondari mwaka hadi mwaka. Huenda tayari ana fedha zake huko wala hajui. Mwende kwa mshauri wa wanafunzi pamoja, wewe na yeye, mkiwa na swali moja tu: bila jeshi, chuo kitamgharimu kiasi gani mwakani? Akishaiona hiyo hesabu, ndipo aseme tena kama anataka jeshi.

Je, usaini? Mimi nisingesaini. Sisemi hivyo kwa kuwa jeshi la Marekani ni sawa na wale waliomchukua kaka yako, maana si sawa, na wapo vijana wetu waliotumikia wakarudi wazima na wenye fahari. Nisingesaini kwa sababu miezi michache ijayo mwanao atatimiza 18 na ataweza kusaini mwenyewe. Kusubiri mpaka hapo hakumpotezei kitu. Ofisi za waandikishaji hazifungwi, na yule bwana ana idadi ya vijana anayotakiwa kuifikisha, kwa hiyo atampokea kwa mikono miwili hata mwezi wa sita. Akienda wakati huo ameamua kama mtu mzima, naye atakuwa ameshaona hesabu ya chuo. Usije ukawekwa wewe kuwa ndiye uliyemtoa, kwa fomu ambayo hukuisoma. Najua ungelibeba hilo namna gani, baada ya yale ya mwaka 1998.

Ila usimwambie "hapana" ukanyamaza. Mweleze habari za mjomba wake. Yawezekana hajawahi kuisikia yote, watoto wetu wengi waliozaliwa Nyarugusu wanajua tu kwamba "kulikuwa na vita". Mweleze alikuwa mtoto wa namna gani, alikuwa anapenda nini, ilikuwaje asubuhi ile. Kisha na yeye mwache akueleze kwa nini anataka kwenda, usimkatize. Huenda ni fedha. Huenda anaona aibu kukuona unarudi usiku kutoka kazini miguu imevimba. Huenda anataka tu kuwa mahali ambapo watu wanalijua jina lake. Jibu lolote kati ya haya lina dawa yake, na huwezi kulipata kwa kugombania karatasi.

Ikitokea kwamba amekwisha kusaini kitu huko bila wewe kujua, msihangaike. Vijana wengi huwekwa kwenye mpango wa kungoja, ambao unaweza kufika mwaka mmoja kabla ya siku ya kuondoka. Kabla ya siku hiyo anaruhusiwa kubadili nia kwa barua, na mwandikishaji haruhusiwi kumtisha kwamba atafungwa. Akitishwa, pigeni simu kwa GI Rights Hotline, namba ya ushauri juu ya haki za wanajeshi, wanatoa ushauri bure na kwa siri.

Hukuwataja wadogo zake, lakini una watano. Yeyote kati yao aliye sekondari, hata kama ameingia darasa la 9 mwaka huu, jina lake limo katika orodha hiyohiyo. Siku utakayokwenda kuonana na mkalimani, beba barua ya kila mmoja, na uwaambie pale ofisini warekebishe na ile herufi ya jina lenu.